Samli ya Frida

Jumamosi, 12 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la sayansi, darasa la tano. Limebaki na kurasa nyingi tupu, na mimi leo nina hasira ambayo siwezi kumpa mtu, basi naiandika humu.

Wakwe wamekuja kutoka Kaniha kumposa binti yangu Frida. Kijana mwenyewe, Erasmus, sina neno naye. Ni seremala, mpole, ana shikamoo ya kutoka moyoni. Wamekula mbuzi, wamekunywa rubisi, pombe ya ndizi ya mume wangu Pancras, na ndoa imepangwa Jumamosi ya tarehe 11 Januari, kwa kuwa Majilio kanisani hakuna ndoa na kabla ya hapo watu wako shambani. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka shangazi yake Erasmus, mama mmoja mnene anayeitwa Kanyange, alipomtazama mwanangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akasema huku ameshika mfupa, "Binti ni mzuri. Ila jua la Ngara halikumwonea huruma."

Watu wakacheka. Frida naye akacheka. Mimi nikaingia jikoni nikasugua sufuria iliyokuwa safi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Tumepanda maharage. Mvua imekubali.

Jumapili, 20 Oktoba

Baada ya misa nimemwita Frida chumbani. Nimemwambia kwa upole kwamba siku hizi kuna mafuta mazuri, bibi harusi anapaka wiki chache tu na anatoka anang'aa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, mimi sijichubui. Erasmus amenipenda hivi hivi." Na macho yake yakashuka kwenye vidole vyangu.

Vidole vyangu navijua. Nilipokuwa na umri wake nilipaka miaka minne. Uso ulirudi wenyewe, lakini vifundo vya vidole vilibaki vyeusi hadi leo, na wanafunzi wapya huwa wananiuliza kama ni wino. Nimeona amenikosea adabu, ingawa hakusema kitu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Gulio. Nimenunua vikopo vinne vyeupe, havina jina wala maandishi. Muuzaji ni mgeni, sijawahi kumwona, na bidhaa hiyo hakuipanga mezani, aliitoa chini ya magunia. Ameniapia kwamba ndani ya wiki tatu mtu anakuwa yai lililomenywa.

Najua ninachonunua. Ofisini kwetu shuleni kuna bango la vipodozi vilivyopigwa marufuku, nililibandika mwenyewe kwa gundi. Zebaki, limeandikwa, kwa herufi nyekundu. Lakini nimejiambia wiki nane si miaka minne, na mimi niliyepaka miaka minne si niko hapa nasimamia darasa la watoto sabini.

Vikopo nimeviweka ndani ya mkoba wa shule, chini ya madaftari ya kusahihisha.

Jumapili, 17 Novemba

Leo bibi harusi ameingizwa ndani. Nieleze, maana hata mimi mwenyewe huwa naisahau mila hii mpaka inifike mlangoni. Kwa ukoo wa Pancras, binti anayeolewa haonekani nje wiki nane. Anakaa chumba cha nyuma, anakunywa maziwa na uji wa ulezi, hashiki jembe, hapigwi na jua, na kila alasiri bibi yake mzaa baba anampaka samli ya ng'ombe mwili mzima kwa viganja. Siku ya kutoka awe amenona, awe laini. Binti mwembamba anaaibisha nyumba, watu watasema alikuwa analala njaa kwao.

Bibi huyo ni mama mkwe wangu, Marsiana. Kwa mdomo siwezi kulitaja jina lake, mkwe hatajwi, lakini kalamu haijaolewa kwao. Anaishi ng'ambo ya uzio wetu na ng'ombe wake watatu. Miaka ishirini na minne nimeolewa hapa na miaka ishirini na minne tumekuwa tukiheshimiana kwa mbali. Yeye ananiona mwanamke wa vitabu. Mimi namwona mwanamke wa moshi na kinyesi cha ng'ombe. Ameingia leo na kibuyu chake cha samli, kirefu, cheusi kwa uzee, alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Chumba kizima kilinuka. Frida alikuwa anacheka, anasema, "Bibi, nitatoka hapa na nzi wangu."

Nilisimama mlangoni nikiangalia. Samli ile inanuka sana. Ukiitia kitu kingine ndani, hakuna atakayejua.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimetia. Kikopo kizima, mama mkwe alipokiacha kibuyu jikoni kwangu akaenda kukamua. Nimekoroga kwa mwiko wa ugali, kisha mwiko nimeutupa chooni.

Jumatano, 20 Novemba

Mama mkwe ameniuliza kama naona samli imekuwa nyeupe kidogo. Nimemwambia labda ni majani mapya, mvua imenyesha. Akafikiri, akakubali. Alisema ng'ombe ni kama watu, wakila vizuri inaonekana.

Jumamosi, 23 Novemba

Senene wameanguka. Tumekula mpaka tumeshiba.

Jumatatu, 2 Desemba

Frida anang'aa. Sitaki kujisifu lakini nasema kweli. Shingo, mikono, mashavu, pote. Jirani yetu Agness alichungulia dirishani akapiga vigelegele, akamwambia mama mkwe kwamba samli yake hiyo si ya kawaida. Na yule mzee akatabasamu! Akasema samli ya zamani haina mpinzani, na wale wanaonunua mafuta ya dukani wanajisumbua tu, huku ananitazama mimi.

Basi sifa zote zimekwenda kwa ng'ombe. Nimekunywa chai yangu. Kikopo cha pili nimekitia leo.

Ijumaa, 6 Desemba

Shule imefungwa. Mvua ya mawe kidogo, maharage yamevumilia.

Jumanne, 10 Desemba

Wanawake wa jumuiya wamekuja kumtazama bibi harusi. Wameimba, wamemgusa mashavu, wamemsifu. Amenona kweli. Uso umejaa, macho yamezama kidogo, vifundo vya miguu havionekani tena. Fundi wa gauni amekuja na futi yake akacheka, akasema itabidi alegeze kiunoni na kwenye mikono pia. Erasmus ametumiwa picha kwa simu, amejibu kwamba anashukuru wazazi kwa kumtunza.

Nimeona fahari, nakiri. Nikamfikiria Kanyange na ule mfupa wake.

Jumapili, 15 Desemba

Frida amekuwa mkali siku hizi. Uji hataki, anasema kichwa kinamuuma, anasema usiku halali. Jana alimrushia mdogo wake kikombe. Nimemwambia ni wasiwasi wa harusi, kila mwanamke anaupata. Mama mkwe alikuwa anampaka mguu, na mkono wake ulitulia mahali pamoja muda mrefu.

Kikopo cha tatu kimeisha.

Alhamisi, 19 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimekaa na daftari hili mapajani saa nzima kabla ya kuandika.

Alasiri mama mkwe aliniita chumbani kwa Frida. Akaniambia nitazame. Akaweka dole gumba kwenye ugoko wa Frida, akabonyeza, akahesabu polepole kwa Kihangaza mpaka kumi, akaondoa. Pakabaki shimo. Tukaliangalia shimo lile, sisi watatu, likakaa pale bila kurudi.

"Nimenenepesha ng'ombe tangu nikiwa mtoto," akasema. "Nimepaka mabibi harusi tisa wa ukoo huu. Mafuta hayabonyei hivi, Mama Frida. Haya ni maji. Mtoto huyu anavimba."

Nilisema labda ni kukaa sana. Akasema apelekwe hospitali kesho. Na mimi, Agripina, mwalimu, niliyeicheka mila yake miaka yote hii, nilifungua kinywa changu nikamwambia bibi harusi hatoki nje kabla ya siku yake, ni mwiko, watu watasema nini.

Alinitazama kama aliyesikia mbuzi anaongea. Akasema mwiko uliwekwa ili mtoto atoke mzima, siyo atoke maiti. Kisha akaenda zake kwenye mvua.

Nilijua ninaogopa nini. Hospitali watauliza anapaka nini.

Ijumaa, 20 Desemba

Alfajiri mama mkwe alikuja kumwaga chombo cha mkojo cha Frida, akakirudisha kwangu hakijamwagwa. Mkojo ulikuwa na povu juu, zito, lile la rubisi inapochacha. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. Hakujua alikuwa anamwambia nani. Pancras akatafuta gari.

Barabara ilikuwa tope tupu, tumesukuma mara mbili. Frida alikaa katikati yetu amefunikwa khanga usoni ili asionekane, na mimi nilikuwa nashika mkono wake uliojaa maji.

Daktari ni kijana, ana haraka lakini si mbaya. Wakapima mkojo, wakapima damu. Akasema figo zinavuja, na zikiendelea hivi zitachoka. Muuguzi anayeitwa Restuta akachukua karatasi akaanza kuuliza. Anakunywa dawa gani? Hakuna. Mitishamba? Hakuna. Anapaka nini?

Nilivuta pumzi. Naapa nilitaka kusema. Lakini mama mkwe alinitangulia. "Samli," akasema. "Samli ya ng'ombe wangu. Nampaka mimi."

Daktari akageuka, akamuuliza ng'ombe wanapuliziwa dawa ya kupe? Ndiyo. Nani anapulizia, na bomba la dawa linawekwa wapi? Na samli inawekwa wapi? Maswali hayo aliyauliza kwa heshima, akamwita bibi, na kila jibu alilotoa mzee lilikuwa linamkaza shingo. Bomba linaning'inia kwenye banda. Kibuyu kinatundikwa banda hilo hilo. Ndiyo, mwezi wa kumi na moja walipulizia. Daktari akaandika. Akasema hana hakika, lakini samli iachwe leo leo, na sumu ya kupe si mchezo.

Mama mkwe akakaa kwenye benchi. Akafunua viganja vyake akavitazama, akasema kwa Kihangaza, taratibu, kwamba amemuua mtoto wa mwanawe kwa mikono yake.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nikamwambia, "Mama, usiseme hivyo." Hilo tu ndilo nililosema. Frida amelazwa.

Jumapili, 22 Desemba

Nimerudi nyumbani kuchukua shuka. Kupitia uzio nimemwona mama mkwe anachimba kwenye migomba. Alichimba mpaka magotini, mvua inamnyeshea. Kisha akachukua kile kibuyu cha mama yake, hakukimwaga, akakilaza humo chenye samli yake ndani, akafukia, akakanyaga udongo kwa miguu. Nilisimama nyuma ya uzio mpaka alipomaliza. Sikumwita.

Mimi ni mtu gani?

Jumatano, 25 Desemba

Noeli. Mama mkwe hakuja kula kwetu, alisema tumbo. Nimempelekea wali, umerudi ulivyo.

Ijumaa, 27 Desemba

Pancras ameniambia, akiwa anaangalia chini, kwamba mama yake anataka auze ng'ombe wote watatu. Amesema hawezi kukamua tena kitu cha kumpa mtu. Pancras hajawahi kumwona mama yake bila ng'ombe tangu azaliwe. Aliniuliza mimi kama mwanamke aliyesoma: inawezekana kweli dawa ya kupe ikaingia hivyo? Nimemwambia sijui.

Frida hajashuka uvimbe vya kutosha. Daktari amesema wakisubiri wiki moja na hali ni hii hii, watampeleka Mwanza wakamkate kipande kidogo cha figo wakipime, kwa sababu hawajui chanzo.

Hawajui chanzo. Mimi ninacho, ndani ya mkoba wa shule. Kimoja kimebaki.

Jumamosi, 28 Desemba

Nitaandika yote, kwa utaratibu.

Nilifika wodini saa mbili asubuhi. Restuta alikuwa anabadilisha shuka. Nikamvuta hadi varandani nikampa kikopo. Akakigeuza, akatafuta jina, akafungua, akafunga haraka, akakiweka ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga fundo.

"Amepaka vingapi?"

Vitatu, nikasema, ndani ya samli, na yeye hajui. Nilieleza kila kitu. Nilikuwa nasubiri anifokee na nilitaka anifokee. Hakunifokea. Alisema sasa daktari anajua pa kuanzia, na Mwanza huenda wasihitaji kwenda. Akaniambia mafuta haya hayabaki kwenye ngozi ya aliyepaka tu. Yanahamia kwenye mto, kwenye taulo, kwenye mikono ya mtu mwingine. Shuka zote, nguo za Frida, kila kilichoguswa, nivifungashe, nisichome moto hata kimoja, maana moshi wake ni mbaya kuliko mafuta yenyewe, nimletee. Nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo. Kisha akaniuliza, "Na bibi anajua?"

Hajui.

"Mwambie leo. Amekuwa anayashika hayo kwa viganja vitupu kila siku, wiki nne na ushee. Nataka mkojo wake kesho asubuhi hapa."

Hilo nilikuwa sijaliwaza. Mungu ni shahidi wangu, katika mawazo yangu yote mabaya, nilikuwa sijawaza mikono ya yule mzee.

Nilimkuta uani kwake anapukuchua maharage mapya. Viganja vyake vilikuwa vinabanduka ngozi, na nilipomsalimia shikamoo aliitikia bila kuinua uso. Nilipiga magoti. Si mila, kwetu mkwe anainama tu.

"Mama, samli yako ilikuwa safi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetia sumu. Nilinunua mafuta ya kuchubua gulioni, nikayakoroga humo ukiwa unakamua. Mara tatu. Dawa ya kupe haihusiki."

Mkono wake uliacha kupukuchua. Ng'ombe mmoja alikohoa bandani.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu hawana kosa," akasema.

"Hawana, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu, na machozi yakawa yanamshuka bila sauti. Nilidhani ameishia hapo. Kisha akaniuliza, "Siku ile nachimba kwenye migomba, ulikuwa unanitazama?"

Ningeweza kukataa. Uzio ule una mianya midogo.

"Nilikuwa nakutazama."

"Sawa," akasema. "Nenda ukakichimbue. Watu watakula ndizi zile."

Nimechimba mwenyewe kwa jembe lake. Agness alipita njiani akauliza natafuta nini na mvua hii, nikamwambia natafuta sumu niliyoitia mwenyewe. Akadhani natania. Nimemwita arudi, nikamwambia yote, kwa sababu yeye ndiye aliyesambaza kijijini kwamba bibi amemlisha mjukuu dawa ya kupe, na mdomo ulioeneza uongo ndio utakaoeneza kweli haraka. Kibuyu kilikuwa kizima. Nimekifunga kwenye mifuko miwili.

Pancras nilimwambia mwisho. Alitoka nje akapasua kuni mpaka kuni zikaisha.

Jumapili, 29 Desemba

Mkojo wa mama mkwe una dalili kidogo, siyo kama za Frida. Restuta anasema utasafika.

Frida nimemwambia leo, Restuta akiwa amesimama mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, vile vile alivyonisikiliza mwezi wa kumi.

"Nilikukatalia," akasema. Akageukia ukutani.

Alhamisi, 2 Januari

Uvimbe unashuka. Wanampa dawa ya kutoa sumu, na vidonge vingine vya kupunguza maji mwilini. Mimi nakaa nje kwenye benchi. Chakula anapokea kwa mkono wa bibi yake.

Jumanne, 7 Januari

Frida ametoka hospitali. Gari lilisimama kwetu, akashuka, akachukua mfuko wake, akazunguka uzio, akaingia kwa bibi yake. Hakuna aliyemzuia. Ndoa imesogezwa hadi baada ya Pasaka. Ataendelea kupima mkojo kila wiki, na daktari amemwambia wazi kwamba wangechelewa mwezi mmoja zaidi, figo zisingerudi.

Jumamosi, 11 Januari

Leo ingekuwa harusi. Nimeanika maharage.

Jumapili, 12 Januari

Erasmus amekuja na shangazi yake Kanyange kumwona mgonjwa. Nilijiandaa kwa vita. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Oktoba, nikasema leo shangazi huyo atanisikia, ulimi wake ndio ulioanzisha yote. Ameingia kwangu kwanza, akanikumbatia, akalia. Ngozi ya Frida sasa ina madoa, huku nyeusi huku nyeupe, na baadaye kupitia uzio nilimwona Kanyange ameshika mkono wake anambembeleza kama mtoto.

Tulipobaki wawili nikamkumbusha maneno yake ya jua la Ngara. Akakunja uso. Akafikiri kwa bidii, namwona kabisa anatafuta.

"Mimi nilisema hivyo?" akaniuliza. "Lini?"

Hakumbuki. Hakuwa anaigiza. Alisema kwao husema hivyo kwa kila mchumba, ni mzaha wa kuchangamsha wakwe, hata yeye aliambiwa alipoolewa. Nikabaki na hotuba yangu mdomoni. Nilimkaribisha chai.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa.

Jumatano, 22 Januari

Mada ya leo darasa la tano ilikuwa kemikali hatari nyumbani. Nimewafundisha dawa ya kupe, dawa ya kuhifadhia maharage, na chupa za dawa zisizofaa kuwekwa maziwa hata ukiziosha mara mia. Nilipofika kwenye vipodozi niliweka chaki chini. Nikawaonyesha vifundo vya vidole vyangu, nikawaambia si wino. Kisha nikawaambia kilichotokea nyumbani kwangu, wengi walishasikia kwa mama zao. Mtoto mmoja aliuliza kama Dada Frida atapona. Nikasema figo zinapona. Kingine hakuuliza.

Jumapili, 26 Januari

Mvua zinaisha. Mama mkwe amenipungia mkono kupitia uzio. Sijui kama alikuwa anafukuza kuku.

Jumamosi, 1 Februari

Alasiri Pancras aliniambia naitwa ng'ambo. Nilivua aproni, nikaivaa tena, nikaivua.

Chumbani kwa mama mkwe mlikuwa na Frida amekaa kwenye mkeka, mabega wazi, na mama mkwe kwenye kigoda chake. Mbele yao bakuli la udongo lenye samli mpya. Mzee akanieleza bila kunitazama sana. Restuta amekubali, samli tupu haina neno, ngozi ya mtoto imekauka na inawasha. Lakini viganja vyake yeye bado havijapona, havifai kusugua mtu. Ameshindwa. Ukoo wa Pancras hauna bibi mwingine.

"Nimemuuliza mwenyewe," akasema. "Amesema uje. Basi."

Frida alikuwa anatazama sakafu. Uso wake umerudi mwembamba, wa kwake, na doa moja jeusi chini ya jicho. Nilikaa kwenye mkeka nikachota samli. Ilikuwa ya njano, inanuka vile vile. Nikanyoosha mkono.

"Subiri," Frida akasema. Ni neno la kwanza aliloniambia baada ya mwezi mzima. "Jipake wewe kwanza. Nione."

Nikajipaka. Nilianza na uso, nikashuka shingoni, nikapaka mikono yote miwili hadi mabegani, nikapaka midomo. Nilichota tena nikarudia uso. Alinitazama muda wote bila kupepesa, na mama mkwe hakunionea huruma wala hakunicheka. Samli ilikuwa inanichuruzika kwenye kola ya gauni. Sikujua kama imetosha, na sikuthubutu kuuliza, nikaendelea kujipaka.

Mwishowe Frida akavuta pumzi, akaninyooshea mkono wa kushoto. Wa kulia aliubakiza mapajani.

Nikaupaka huo mmoja.